Ameokoka, mbona ulimi ni uleule? Namna imani inavyobadili tabia polepole

Kaa Dodoma kwa muda, uwe Nkuhungu au Ihumwa, utaisikia tu: "Yule si ameokoka? Mbona maneno yake bado makali vile?" Msikitini nako ipo ya kwao: "Swala tano hazimpiti, lakini deni la watu halilipi." Wasemaji huwa hawaulizi, wanahukumu. Lakini ukiyachukua maneno hayo kama maswali ya kweli, ni maswali ya maana. Kama kumwamini Mungu kunambadili mtu, kwa nini kunachukua muda mrefu hivyo? Kunaanzia wapi? Na inakuwaje mtu akawa mwamini kweli, bila kuigiza, na bado akawa mgumu kuishi naye nyumba moja?

Maelezo ninayoyaona yana mashiko ni haya: imani haianzi na tabia, inaanza na hofu. Kinachobadilika kwanza ni kile anachokiogopa mtu na yule anayejiona anawajibika kwake. Tabia huja nyuma, tena haziji zote pamoja. Zinazokaa juujuu huachwa mapema. Zile zilizoshikana na hofu ya tangu utoto zinaweza kusubiri miaka, huku mwenyewe akiongoza kwaya.

Kilicho chini ya uchoyo

Tuanze na uchoyo, maana nchi yetu hii inaueleza vizuri. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili. Mvua ikikata Februari, mtama unakauka shambani ukiwa bado haujabeba. Njaa zimepita hapa nyingi kiasi cha kupewa majina. Kubwa katika kumbukumbu ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, pale ukame ulipokutana na Vita ya Kwanza ya Dunia: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, yakachukua na vijana kwenda kubeba mizigo. Nisieleweke vibaya, Mgogo ni mkarimu, na mgeni kwake hapiti bila kukaribishwa ugali. Ninachosema ni kwamba katika nchi ya namna hii, ukimkuta mtu mmoja anafungia chakula hadi kinaoza kuliko kumpa jirani, usikimbilie kusema ana roho mbaya. Inawezekana amelelewa na bibi aliyelelewa na njaa.

Tabia nyingine ukizichokonoa zinafanana na hiyo. Anayedanganya kazini mara nyingi anaikwepa aibu. Baba anayefoka kila akiulizwa jambo anahofia kudharauliwa. Msengenyaji anaogopa kuonekana mdogo, basi anawapunguza wenzake kabla hawajampima. Ndiyo maana mahubiri ya "acha uchoyo, acha uongo, acha hasira" hayafiki mbali. Anayesikiliza anakubali, anaumia, anaazimia, na kufikia Jumatano mambo ni yaleyale, kwa sababu hofu iliyo chini haijaguswa na mtu.

Sasa tazama imani yenyewe inasema nini. Mathayo sura ya 6 haisemi tu "msisumbukie"; inatoa sababu, kwamba Baba yenu wa mbinguni anajua mnahitaji hayo yote. Kurani, katika Sura Hud, aya ya 6, inasema hakuna kiumbe katika ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Zisome tena polepole: hizo ni habari kabla ya kuwa amri. Zinadai kwamba dunia iko tofauti na vile hofu yako inavyokuambia. Aliyeziamini habari hizo kabisa hana tena sababu ya kuwa mchoyo. Shida ni hilo neno "kabisa". Mdomo unakiri siku moja, ila mkono unaofunga mlango wa ghala unataka ushahidi.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Tumfikirie mtu mmoja wa kubuni. Ananunua mahindi vijijini Kongwa na kuyauza kwenye soko la Kibaigwa, kandokando ya barabara kuu ya Morogoro. Anapima kwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu hadi mkulima anatoa mahindi ya gunia na zaidi kwa bei ya gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia inavyoendelea. Siku moja mtu huyu anaokoka, na anaokoka kweli.

Nini kitaondoka kwanza? Pombe. Halafu nyimbo kwenye simu, halafu baadhi ya marafiki, halafu salamu inageuka kuwa "Bwana asifiwe". Lumbesa inabaki. Watu wataita huo unafiki, mimi nadhani ni haraka mno kuuita hivyo. Pombe inaonekana, na kanisa zima limeshamwambia ni dhambi. Tena ameingia kwenye kundi la watu wasiokunywa, kwa hiyo kuacha kumekuwa rahisi kuliko kuendelea. Lumbesa haijahubiriwa hata mara moja. Wenzake wote sokoni wanaitumia, na mzee wa kanisa aliyemwombea pengine ananunua kwa kipimo hichohicho. Halafu ada ya watoto inatoka humo. Kwa kawaida mwamini mpya huanza na dhambi zinazoonekana na watu, wala si zile zenye uzito zaidi. Hilo si zuri, lakini ndivyo ilivyo, na viongozi wa dini wangefanya vema kulijua.

Baada ya muda jambo linaanza kumkera. Huenda wamesoma habari za Zakayo katika ushirika wa nyumbani, yule mtoza ushuru aliyesema atawarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Huenda hakuna kilichosomwa, ila usiku akiomba anajikuta anamkumbuka mama fulani wa kijijini aliyeliangalia gunia likishindiliwa bila kusema neno. Zamani alikuwa akijiuliza, "Nikikamatwa je?" Sasa swali limehama: kuna anayeniona. Waislamu wanalo fundisho zuri juu ya hili katika hadithi mashuhuri ya Jibrili, pale Mtume anapoieleza ihsani: umwabudu Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona. Mtu aliyezoea kuishi mbele ya macho hayo hahitaji sana mkaguzi wa vipimo.

Basi anajaribu. Ananunua gunia lisilo na kilemba, faida inapungua, mkewe anauliza kulikoni, wenzake wanamcheka. Wiki inayofuata anarudia lumbesa. Anaacha tena. Msimu unaisha na hajafilisika. Pengine wakulima wawili watatu wameanza kumtafuta yeye kwanza, pengine hawajaanza. Imani haimwahidi hilo, na wahubiri wanaosema ukiwa mwaminifu utatajirika wanamrudisha palepale pa zamani, kwenye hesabu za faida. Alichokipata ni kingine: alitenda haki na hakuangamia. Hofu imepungua kidogo. Mara ya pili itapungua kidogo tena.

Humo ndimo kazi yote ilimo. Mtu anaamini kidogo, anatenda kwa kadiri ya hicho kidogo, anakuta ardhi haijapasuka chini yake, kisha anaamini zaidi. Ndiyo maana sielewi ubishi wa kama mabadiliko yanatoka kwa Mungu au kwa juhudi za mtu. Paulo anayaweka yote mawili katika sentensi moja, Wafilipi 2:12-13: utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, kwa maana ni Mungu atendaye kazi ndani yenu. Kurani nayo, katika Sura ya 13, aya ya 11, inasema Mungu habadilishi yaliyoko kwa watu mpaka wabadilishe yaliyomo nafsini mwao.

Kwa nini inachukua muda

Mwanazuoni al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza tabia kuwa hali iliyokita nafsini, ambayo matendo hutoka humo kwa wepesi, bila kufikiri sana. Kwa kipimo hicho, anayepima sawasawa huku akiumia bado hajawa na tabia ya uaminifu. Ametenda jambo la uaminifu, tofauti kabisa. Tabia itakuwa imefika siku atakapopima sawasawa akiwa na mawazo yake kwenye mambo mengine.

Safari ya kutoka kutenda hadi kuwa ina urefu wake. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu 96 waliojaribu kujijengea mazoea mapya, mambo madogo kama kunywa maji wakati wa mlo au kukimbia kidogo kila siku. Kiwango cha kati cha muda hadi zoea likaanza kujiendesha lenyewe kilikuwa siku 66, ila tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kutoka siku 18 hadi 254. Na waligundua kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ikiwa glasi ya maji inaweza kumchukua mtu miezi, hasira aliyoirithi kwa baba yake iachwe na mkesha mmoja?

Uislamu unao mfano wa taratibu hii katika sheria yenyewe. Ulevi haukukatazwa kwa aya moja. Kwanza iliteremka aya iliyosema pombe na kamari vina madhara makubwa kuliko manufaa (2:219), kisha wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa (4:43), na mwisho ndipo likaja katazo kamili (5:90). Na swala ikiwa tano kwa siku, hiyo amri ya katikati peke yake iliacha nafasi ndogo sana ya kulewa.

Sala, saumu na sadaka nazo zinafanya kazi hiyohiyo kila moja kwa upande wake, na ni kosa kuziona kama malipo ya kumridhisha Mungu. Kutoa zaka au fungu la kumi kunaichokoza hofu ya kupungukiwa, tena kwa tarehe maalumu, upende usipende. Kufunga kunamfundisha mtu kwamba tamaa ikiita si lazima iitikiwe, na aliyejizuia na chakula adhuhuri ya Ramadhani katika jua la Dodoma ana msuli atakaoutumia jioni akichokozwa. Kitubio kwa Wakatoliki, na kuungama hadharani kwa walokole wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, vinaipiga hofu ya aibu moja kwa moja. Walokole wa mwanzo hawakuishia kusema. Waliita "kutengeneza": umeiba jembe, lirudishe, una deni la watu, nenda kalipe. Aliyewahi kubisha hodi kwa mtu kurudisha kitu alichokiiba anajua kwamba baada ya hapo aibu haina tena nguvu ileile juu yake.

Vyote hivyo vinaweza kugeuka sumu. Saumu ikimpa mtu kiburi imemwongezea tabia mbaya juu ya zile alizokuwa nazo, kama yule Farisayo wa Luka 18 aliyemshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Na ushuhuda unaosimuliwa mara nyingi mno huanza kuongezwa chumvi.

Waliokwama njiani

Petro ni mfano ninaoupenda kwa sababu Biblia haimfichi. Anamkana Yesu akimwogopa kijakazi uani. Baada ya Pentekoste anasimama mbele ya Baraza la Wayahudi bila woga. Ungesema hofu imekwisha. Miaka inapita, yuko Antiokia, anakula na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, wanafika wageni kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, naye anainuka na kujitenga. Paulo anaandika sababu waziwazi katika Wagalatia 2: aliwaogopa waliotahiriwa. Ni hofu ileile ya uani, ya kuogopa watu watasema nini, imevaa kanzu ya dini. Ilikuwa imepungua sana, ila haijaisha.

Festo Kivengere anatuhusu kwa karibu zaidi. Kabla ya kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alikuwa mwalimu hapa Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950, na alikuwa mtu wa uamsho tangu ujana. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akakimbia nchi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba akiwa London, katika ibada ya Ijumaa Kuu, maneno ya Yesu ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha yalimfunulia kitu: moyo wake ulikuwa umejaa chuki kwa Amin. Ikabidi amsamehe. Huyu ni mhubiri aliyejulikana duniani, aliyekwisha kuwahubiria wengine msamaha kwa zaidi ya miaka thelathini. Chuki hiyo haikuthibitisha kwamba imani yake ilikuwa bandia. Ilikuwa tu haijawahi kuguswa hapo, kwa sababu haijawahi kuumizwa kiasi hicho. Kuna vyumba vya moyo ambavyo msiba peke yake ndio una ufunguo wake.

Wa tatu anachukiza. John Newton, baharia Mwingereza, alimlilia Mungu katika dhoruba mwaka 1748, na maisha yake yote aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa imani yake. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa, hadi 1754. Akawa mchungaji mwaka 1764. Maandishi yake ya kuilaani biashara ya watumwa yalitoka mwaka 1788. Miaka arobaini! Sisi wa Dodoma, ambao njia ya misafara kuelekea Bagamoyo ilipita katika ardhi yetu, hatuwezi kuisoma habari hiyo kwa utulivu. Na sidhani kwamba imani kubadili tabia polepole kunaweza kutumika kama udhuru hapo. Waliokuwa kwenye minyororo hawakuwa na miaka arobaini ya kumsubiri. Inachoonyesha ni kwamba dhambi ngumu kuliko zote kuiona ni ile ambayo jamii nzima imeikubali kama kazi halali. Dhamiri inakua, lakini mara nyingi inakua hadi mpaka wa majirani inasimama.

Yasiyo tabia

Dodoma tunayo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na jina lake tumelifanya mzaha kiasi kwamba mtu mwenye sonona anaona afadhali akafunge na kuomba siku arobaini kuliko kuonekana getini pale. Sonona si upungufu wa imani. Uraibu wa pombe uliokwisha kuuteka mwili unahitaji daktari pamoja na maombi, na kuuacha ghafla bila uangalizi kunaweza kuhatarisha maisha. Anayemwambia mgonjwa wa namna hii "ungekuwa umeokoka kweli ungeshapona" anamwongezea ile hofu ambayo imani ilikuja kuiondoa. Vilevile kuna watu wapole, waaminifu, wasioingia kanisani wala msikitini. Wamelelewa vizuri, na hakuna haja ya kuwabishia.

Hapa Dodoma mhubiri hamalizi mwezi bila kutaja mzabibu: unapogolewa, unangojwa, ndipo unazaa. Mfano mzuri, na ni wa Yesu mwenyewe katika Yohana 15, tena Paulo katika Wagalatia 5 anaposema upendo, furaha, amani na mengine hadi kiasi, anayaita tunda, kitu kinachokua. Lakini wakulima wa Hombolo na Mpunguzi watakwambia mzabibu haubishani na mkasi. Mtu anabishana.

Nani wa kuulizwa

Mabadiliko yanapoanza hayaonekani kama ushindi. Mwenye hasira anakasirika vilevile, ila zamani aliomba radhi baada ya wiki, au hakuomba kabisa. Sasa anaomba baada ya siku mbili, halafu jioni ileile, halafu sentensi inamkatikia mdomoni. Ukitafuta hasira iliyokoma utakata tamaa, kwa hiyo pima muda kati ya kosa na radhi. Mwongo naye, kabla hajaacha kudanganya, huanza kurudi: "Bwana, kile nilichokuambia jana hakikuwa hivyo."

Na usiwaulize washirika wenzake, maana wanamwona akiwa amevaa vizuri. Usimwulize yeye pia. Anayebadilika kweli mara nyingi anajiona amezidi kuwa mbaya, kwa kuwa sasa anaona mambo ambayo zamani yalimpita. Muulize mkewe, au mumewe. Waulize watoto kama wanaposikia geti likifunguliwa wanakimbilia mlangoni au vyumbani. Na kama nyumba hiyo ina dada wa kazi, binti aliyetoka kijijini na ambaye hana pa kumshtaki bosi wake, huyo ndiye shahidi mkuu: analala saa ngapi, anakula nini, mshahara wake unalipwa tarehe ngapi, na siku sahani ilipovunjika aliambiwa nini.